Jinsi ya Kuithibitishia Google kwamba Tovuti ni Yako

Karakana ya madirisha ya aluminiamu mjini Lubumbashi, tuseme iko Kampemba, inaweza kuwa na tovuti nzuri yenye picha za kazi zake zote, na bado mteja wa Likasi au Kolwezi anayetafuta fundi kupitia Google asiione hata akifungua ukurasa wa tatu wa matokeo. Mwenye karakana akitaka kujua sababu, anayejua ni Google yenyewe, nayo haitoi habari za tovuti kwa kila anayejitokeza na kudai kuwa ni mali yake. Humtaka kwanza aonyeshe kwamba tovuti hiyo imo mikononi mwake. Hatua hiyo huitwa kuthibitisha umiliki, na hufanyika ndani ya huduma ya bure iitwayo Google Search Console, ambayo kabla ya mwaka 2015 ilijulikana kama Google Webmaster Tools.

Ni vyema kuelewa mapema ni kitu gani hasa kinachothibitishwa. Google haiulizi hati ya RCCM, yaani ya usajili wa biashara, haiulizi kadi ya mpiga kura, wala haitaki kujua nani alitoa pesa za kutengeneza tovuti. Inakupa msimbo wa pekee, kisha inakuagiza uuweke mahali ambapo mtu wa nje hawezi kufika: katika rekodi za kikoa (jina la tovuti), katika folda kuu ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), au ndani ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Ikiukuta hapo, inakuhesabu kuwa mmiliki. Kwa hiyo, kama kijana aliyekutengenezea tovuti ndiye aliyeweka msimbo huo kwa akaunti yake, machoni pa Google mmiliki ni yeye, hata kama karakana, jina na deni la pango ni vyako.

Kuthibitisha hakuipandishi tovuti juu katika matokeo, na anayekuuzia huduma hiyo kwa ahadi ya namna hiyo anakudanganya. Faida yake ni kukufungulia taarifa: maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kukuona, kurasa ambazo Google imeziingiza katika faharasa yake na zile ilizoziacha pamoja na sababu ya kuziacha, na onyo la barua pepe endapo tovuti itadukuliwa. Ripoti ya utafutaji huhifadhi data ya miezi 16, muda unaotosha kulinganisha msimu wa mvua wa mwaka huu na ule wa mwaka uliopita.

Akaunti kwanza, msimbo baadaye

Tumia akaunti ya Google ambayo biashara itaendelea kuwa nayo hata watu wakibadilika. Isiwe ya fundi, wala ya mpwa wako anayesoma chuo kikuu cha UNILU, maana mpwa atahitimu na kuondoka. Fungua akaunti kwa jina la biashara, hifadhi nenosiri lake mahali panapojulikana na watu wawili unaowaamini, na uipe njia zaidi ya moja ya kuirudisha likitokea la kutokea. Namba ya simu peke yake haitoshi, kwa sababu simu ikiibiwa laini nayo huenda, na wengi hununua laini ya mtandao mwingine badala ya kufuatilia ile ya zamani.

Kisha jiulize ni funguo zipi unazo. Tovuti ya kawaida ina tatu: akaunti ya mahali ulikosajili kikoa, yaani jina kama mfano.cd au mfano.com, paneli ya seva inayohifadhi faili zako, na sehemu ya usimamizi ya tovuti yenyewe, kwa mfano ile ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Njia ya kuthibitisha utaichagua kulingana na funguo ulizo nazo, wala si kulingana na ile iliyosifiwa zaidi. Hapa kwetu ufunguo wa kwanza ndio unaokosekana mara nyingi, na sababu yake inaeleweka: wasajili wengi wa vikoa hutaka kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, mwenye biashara hana, basi humwomba ndugu aliye Lusaka au Brussels, au humwachia fundi alipe na kurudishiwa pesa yake kwa simu. Aliyelipa ndiye aliyefungua akaunti, na kikoa kimebaki kwake. Kabla ya kuendelea, mwombe kwa upole akupe barua pepe na nenosiri la akaunti hiyo, au akihamishie kikoa kwenye akaunti yako. Jambo hilo ni rahisi wakati bado mnaelewana.

Asiye na tovuti bali ana ukurasa wa Facebook tu hawezi kuuthibitisha kwa njia hii, kwa kuwa kikoa ni cha Facebook na hana mahali pa kuweka msimbo. Aliye na blogu ya Blogger, kwa upande mwingine, kwa kawaida hukuta imeshathibitishwa yenyewe mradi aingie Search Console kwa akaunti ileile aliyofungulia blogu.

Kikoa kizima au anwani moja

Fungua search.google.com/search-console na uingie kwa akaunti ya biashara. Kompyuta na simu nyingi za Lubumbashi zimewekwa katika Kifaransa, hivyo nitataja vitufe kama vinavyosomeka katika lugha hiyo. Bonyeza « Ajouter une propriété ». Yatatokea masanduku mawili, kushoto « Domaine » na kulia « Préfixe de l'URL », na hapo ndipo wanaoanza hubahatisha.

Sanduku la kushoto huchukua kikoa chote kwa pamoja: mfano.cd yenye www na isiyo nayo, yenye https na yenye http, pamoja na vikoa vidogo kama duka.mfano.cd. Unaandika jina tupu, bila https mbele na bila mkwaju (/) nyuma. Uthibitisho wake hupita peke yake katika rekodi za DNS, yaani mfumo unaoelekeza jina la kikoa kwenye seva yake, kwa hiyo bila ufunguo wa kikoa usipoteze muda nalo.

Sanduku la kulia huchukua anwani moja tu jinsi ulivyoiandika. Google huhesabu https://mfano.cd/ na https://www.mfano.cd/ kuwa vitu viwili tofauti, na ukikosea hapa utathibitisha vizuri kabisa anwani ambayo hakuna anayeitumia, kisha utashangaa kwa nini ripoti haina kitu. Ili usikosee, fungua tovuti yako katika kivinjari, subiri ipakie, nakili anwani yote inayobaki juu, na uibandike hivyohivyo. Ikiwa simu inaficha sehemu ya mwanzo ya anwani, gusa anwani yenyewe ili ionekane yote.

Kwa maoni yangu, mwenye ufunguo wa kikoa achague sanduku la kushoto bila kusitasita. Ni njia inayoonekana ngumu zaidi, lakini ndiyo inayodumu: unaweza kubadilisha mandhari ya tovuti, kuhamia seva nyingine, hata kuacha WordPress, na ilimradi rekodi za DNS hazikuguswa, uthibitisho utabaki.

Kuweka msimbo katika DNS

Ukiandika jina la kikoa na kuendelea, Google itakupa mstari unaoanza hivi:

google-site-verification=

ukifuatwa na msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Nakili mstari mzima kwa kitufe cha kunakili kilichopo. Usiuandike kwa mkono, maana herufi kubwa na ndogo zina maana tofauti, na O ya herufi hufanana mno na sifuri. Uache ukurasa huo wazi, fungua ukurasa mwingine, na uingie katika akaunti ya msajili wa kikoa.

Tafuta sehemu ya kuhariri rekodi za DNS. Kila msajili ana mpangilio wake, lakini fomu ya kuongeza rekodi huwa na visanduku vilevile. Aina ya rekodi ni TXT. Jina ni alama ya @, ambayo maana yake ni kikoa chenyewe. Paneli nyingine hutaka uache kisanduku hicho kitupu. Thamani ni ule mstari ulionakili. Muda wa kuhifadhiwa, ambao huandikwa TTL, uache ulivyo. 3600 ni sekunde, yaani saa moja. Hifadhi.

Mambo mawili huharibu kazi hapa. La kwanza ni kuandika mfano.cd katika kisanduku cha jina wakati paneli huongeza kikoa yenyewe. Matokeo yake ni rekodi ya mfano.cd.mfano.cd, ambayo Google haitaiona kamwe. La pili ni baya zaidi kwa sababu huleta hasara nje ya kazi hii: mtu anakuta tayari ipo rekodi ya TXT inayoanza na v=spf1, anadhani ni ya zamani, anaifuta na kuweka yake mahali pake. Rekodi hiyo ndiyo inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina la kikoa chako. Ukiifuta, makadirio ya bei unayowatumia wateja yanaweza kuanza kuangukia kwenye taka bila wewe kujua. Kikoa kimoja kinaweza kubeba rekodi nyingi za TXT, kwa hiyo ongeza yako kando na usiguse zilizopo.

Zipo pia tovuti ambazo kikoa kilinunuliwa mahali pamoja na DNS zake zinasimamiwa kwingine, kwa mfano Cloudflare. Rekodi utakayoiweka kwa msajili katika hali hiyo haitakuwa na athari yoyote, hata kama paneli imekubali kuihifadhi. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

nslookup -type=NS mfano.cd

Majina yatakayotokea ni ya seva za DNS zinazotumika kweli, na jina la kampuni kwa kawaida husomeka humo. Huko ndiko rekodi inapopaswa kuwekwa.

Ukishahifadhi, usikimbilie kubonyeza « Valider ». Rekodi mpya huweza kuonekana baada ya dakika chache, au ikachukua siku mbili hadi tatu kuenea. Badala ya kubonyeza mara kwa mara na kumaliza mega zako, uliza DNS moja kwa moja:

nslookup -type=TXT mfano.cd 8.8.8.8

Namba 8.8.8.8 ni seva ya DNS ya umma ya Google, na jibu lake linaonyesha kinachoonekana upande wao. Mstari wako ukitokea kamili, rudi ukabonyeze « Valider ». Kama umeme umekatika katikati ya kazi, au ulifunga ukurasa, hakuna kilichoharibika: ingia tena kwa akaunti ileile, chagua kikoa chako katika orodha, na utaukuta ukurasa wa uthibitisho unakungoja.

Kwa faili au kwa lebo

Asiye na ufunguo wa kikoa arudi kwenye « Préfixe de l'URL ». Humo ataonyeshwa njia kadhaa, na mbili ndizo zinazomfaa anayeanza. Zile zinazopitia Google Analytics na Google Tag Manager ni za aliye nazo tayari na mwenye ruhusa ya kuzihariri. Kuzifunga kwa ajili ya uthibitisho tu ni kujichosha bure.

Njia ya « Fichier HTML » humtaka mwenye paneli ya seva apakue faili dogo ambalo jina lake huanza na google na kuishia na .html, kisha alipandishe katika folda kuu ya tovuti, ambayo kwenye seva nyingi huitwa public_html. Faili lisifunguliwe, lisihaririwe, lisibadilishwe jina. Wanaofanya kazi hii kwa simu wawe waangalifu hasa: ukilipakua mara mbili, simu huliongezea (1) katika jina, na faili lenye (1) silo Google inalolitafuta. Ukishalipandisha, andika anwani ya tovuti ikifuatwa na mkwaju na jina la faili. Ukiona mstari mmoja mfupi wa maandishi wenye jina lilelile, umefaulu. Ukiona ukurasa wa kosa la 404, faili limeingia katika folda isiyo sahihi, na mara nyingi ni ndani ya wp-content.

Njia ya « Balise HTML » humfaa asiye na chochote ila sehemu ya usimamizi ya tovuti. Google hutoa lebo ya namna hii:

<meta name="google-site-verification" content="msimbo-wako" />

nayo hukaa katika kichwa cha ukurasa wa mwanzo, yaani ndani ya head na kabla ya body kuanza. Katika WordPress usiibandike moja kwa moja katika faili za mandhari, kwa sababu mandhari yakisasishwa lebo itafutika pamoja na uthibitisho wako. Tumia programu-jalizi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya WordPress. Yoast SEO ina kisanduku maalumu cha uthibitisho wa Google, na Site Kit, iliyotengenezwa na Google yenyewe, hukamilisha uthibitisho ukishaiunganisha na akaunti yako. Baada ya kuweka lebo, futa kache ya tovuti (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) kama unatumia programu-jalizi ya kache, kisha fungua ukurasa wa mwanzo katika dirisha la faragha, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja, na utafute neno google-site-verification. Kama wewe mwenyewe hulioni humo, Google nayo haitaliona.

Yakitokea haya yote yako sawa na bado inakataa, angalia kama tovuti imewekwa katika hali ya matengenezo, au kama inawataka wageni waingie kwa nenosiri, au kama programu-jalizi ya ulinzi inawazuia wageni wasio watu. Tovuti inayomhamishia kila mgeni kwenye kikoa kingine nayo haithibitishiki kwa faili wala kwa lebo. Thibitisha kile kikoa ambako mgeni anaishia.

Baada ya kukubaliwa

Usiondoe msimbo. Google hurudi mara kwa mara kuuangalia, na ikiukosa hukuarifu, kisha baada ya muda hukunyima ruhusa. Afadhali hata uwe na njia mbili kwa pamoja, kwa mfano DNS na lebo, ili moja ikiharibika nyingine ishikilie.

Sasa ndipo wakati wa kumwingiza fundi kwa njia ya haki. Katika « Paramètres », fungua « Utilisateurs et autorisations », andika anwani yake ya Gmail, na umpe ruhusa ya mtumiaji badala ya umiliki. Atasoma ripoti na kurekebisha makosa, lakini hataweza kuongeza wala kuondoa watu. Siku mkiachana unamfuta jina lake kwa kubonyeza mara moja. Ikiwa yeye ndiye aliyethibitisha tovuti zamani kwa akaunti yake, kumfuta katika orodha hakutoshi: ni lazima uondoe pia msimbo wake katika DNS, katika seva au katika lebo, la sivyo anaweza kujithibitisha upya kesho yake. Ukipokea barua pepe ya Google ikisema kuwa mmiliki mpya ameongezwa na wewe humjui, fungua orodha hiyo siku hiyohiyo, kwa kuwa wadukuzi walioingia katika tovuti hupenda kujithibitisha kwanza.

Ripoti zitakuwa tupu kwa siku chache za mwanzo, na hiyo ni kawaida. Wakati unasubiri, fungua « Sitemaps » na uwasilishe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake. WordPress huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwa anwani inayoishia na wp-sitemap.xml, isipokuwa programu-jalizi kama Yoast imeweka yake. Pita pia katika « Réglages », kisha « Lecture », ndani ya WordPress, na uhakikishe kisanduku cha « Demander aux moteurs de recherche de ne pas indexer ce site » hakina alama. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi na kukisahau, na kikiwa na alama hiyo karakana ya Kampemba itabaki imefichika hata ikithibitishwa kwa njia zote.

Kwa Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, kazi imerahisishwa: ukifungua akaunti katika Bing Webmaster Tools unaweza kuagiza ilete tovuti zako kutoka Search Console, nayo huzikubali bila kudai uthibitisho mwingine. Anayependelea kuzitenganisha akaunti hizo mbili atapewa faili liitwalo BingSiteAuth.xml, ambalo huwekwa katika folda kuu ileile ya seva.